Mahjabin Mtamleta Lini?

Jacobabad, 3 Aprili 2017

Hurmat, mwanangu Mehrab kapewa kituo! Kituo kizima cha hali ya hewa! Si kusoma vipimo na kuandika tu kama zamani, sasa ndiye mkubwa. Barua imekuja na mhuri, nimeishika kwa mikono yangu miwili, na jina lake limeandikwa lote mpaka la babu yake.

Haya, sasa salamu, maana nimekuja mbio kama mtu aliyeachiwa mbwa. Salaam alekum mdogo wangu. Hujambo wewe, na mumeo Master hajambo, na binti yenu Mahjabin? Binti yangu Sabhagi anakula vizuri huko, au bado anachagua chagua? Mimi mzima, magoti tu. Shemeji yangu Haji Lal Bux anakusalimu. Tangu marehemu mume wangu atutoke yeye ndiye anayetusimamia, na mkono wake mzito, lakini ni mkono. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu ya nyumba ni ya Haji, naye haiweki sikioni, anaifungulia sauti mpaka muuza maji aliyeko barabarani na punda wake anajibu salamu.

Turudi kwa mwanangu. Kila baada ya saa tatu anavuka ua wa kituo mpaka kwenye kile kisanduku cheupe cha mbao, anafungua, anasoma kipimajoto, anaandika. Mji wote unamjua. Akipita kwenye mkahawa wanaume wanampigia kelele: "Mkubwa wa kituo! Leo umetupangia ngapi? Punguza basi, tumeshaiva!" Naye anawajibu, "Kalalamikeni kwa mwenye jua, mimi karani wake tu." Redioni wanatutaja kwa joto kabla ya miji mingine yote, na nambari yenyewe imetoka kwenye kalamu ya Mehrab. Ninyi Quetta mna matofaa, sikatai, lakini mna nani anayesomwa redioni?

Ndani ya bahasha nimekutilia karatasi niliyoichukua mezani kwake. Kaichora mwenyewe kwa wino wa kijani, kutoka kwenye vitabu vya zamani vya kituo, miaka sitini nzima. Mimi niliishia darasa la tano, unajua, lakini hata mimi naona: mstari unapanda tu, kama mtoto anayefaulu kila mwaka. Mungu azidishe! Mwonyeshe Master, yeye mwalimu, atajua tumempa kijana wa namna gani. Na Mahjabin auone mwandiko wa mchumba wake.

Na hapo ndipo penye neno langu. Tulikubaliana binti kwa binti. Mimi nilimtoa Sabhagi kwa mwanao Rustam, sasa mwaka wa pili. Mlisema Mahjabin amalize shule, kamaliza. Mtamleta lini? Mimi nasema baada ya Idi. Nimeshamshonea matandiko saba ya viraka, la nane liko gotini ninapoandika.

Dada yako,
Bakhtawar


Quetta, 4 Mei 2017

Dada yangu mpendwa Bakhtawar,

Salaam na heshima zangu kwako na kwa Haji. Barua yako ilifika na dereva wa basi la Sibi, haikuchelewa, ni mimi niliyechelewa kujibu. Hongera sana kwa Mehrab. Nililia kwa furaha. Yule mtoto nimemlea nami, wakati ule ulipougua, kwa hiyo cheo hicho nusu ni changu.

Nami nina habari. Sabhagi ana mimba, ya miezi miwili. Anatapika asubuhi na kudai embe za kwenu, na embe hapa bado. Rustam anatembea kifua mbele kana kwamba ndiye anayetapika.

Mahjabin ana kikohozi kidogo. Si kitu cha kutisha, ila daktari kasema asisafiri kwenye vumbi. Baada ya Idi naona ni karibu mno, dada. Tungoje joto lipite kwanza.

Master anauliza ule mstari wa Mehrab ni wa nini hasa. Aliuangalia muda mrefu. Akaomba akae nao.

Nimekutumia lozi na aprikoti kavu. Usimpe Haji zote.

Mdogo wako,
Hurmat


Jacobabad, 13 Juni 2017

Mdogo wangu Hurmat,

Mimba! Nimegawa sukari guru mtaa mzima, mpaka kwa yule mama wa kona tusiyesemezana. Mwambie Sabhagi asinyanyue ndoo, na asilale kifudifudi, na asimsikilize mtu yeyote ila mimi.

Sisi tumo kwenye Ramadhani na katikati ya mwezi wa sita, basi unajua mwenyewe, ulizaliwa hapa. Umeme tunapata saa sita kwa siku, na hizo sita hazifuatani. Usiku tunapanda juu ya paa na vitanda vya kamba, tunamwagia maji kamba, tunalala mpaka zikauke, kisha tunaamka kumwagia tena. Maji ya bomba mchana hayashikiki. Bonge la barafu likitoka kiwandani asubuhi, likifika kwangu limekuwa kama sabuni iliyotumika. Lakini tumezoea. Watu wa hapa tumeumbwa kwa udongo wa tanuri.

Mwambie Master huo mstari ni joto. Ni joto la mwezi wa sita, mwaka baada ya mwaka. Kama ni mwalimu kweli angeuliza jambo gumu kuliko hilo!

Mkaza mwana wa Jalal, jirani yetu wa ukuta mmoja, tumemzika Jumanne iliyopita. Alikuwa jikoni anapika chapati za futari. Mama mkwe akasikia kimya, akaingia. Mtoto wa kwanza alikuwa tumboni. Lakini yule alikuja mwembamba toka kwao, wa milimani, hakujua kunywa maji. Usimwambie Mahjabin, habari za vifo hazimfai mgonjwa wa kikohozi.

Kimepona lakini? Kikohozi cha zaidi ya mwezi! Nimeweka feni mpya kwenye chumba chao. Inazunguka vizuri sana umeme ukiwepo. Mehrab hajaniambia neno kuhusu harusi, ana haya, kama marehemu baba yake. Akitoka kazini anakaa tu akiangalia miguu yake ndani ya beseni.

Niandikie tarehe. Wanawake wa hapa wananiuliza, nami si mtu wa kukosa jibu.

Dada yako,
Bakhtawar


Quetta, 25 Julai 2017

Dada Bakhtawar,

Salaam. Sabhagi mzima, tumbo limeanza kuonekana. Mvua ya mawe ilipiga matofaa yetu, lakini yapo ya kutosha. Jino la Master limeng'olewa.

Nimeanza barua hii mara nne. Ya tano naipeleka hata kama imeharibika.

Master alikaa na karatasi ya Mehrab kwa wiki. Halafu jioni moja akaniita mezani, akaweka rula juu ya ule mstari, akauendeleza kwa penseli, taratibu, kama anavyofundisha watoto. "Hapa Mahjabin ana miaka thelathini," akasema. "Hapa mtoto wake anaanza shule." Dada, penseli ilitoka nje ya karatasi. Ikaendelea juu ya meza. Akasimamisha mkono, akafuta meza kwa mkono wa shati, asiniangalie.

Mahjabin alikuwa mlangoni na chai.

Hana kikohozi. Hakuwa nacho. Nisamehe.

Na habari ya mkaza mwana wa Jalal tuliipata kwa dereva wa basi, siku mbili kabla ya barua yako. Dereva hakusema alikuwa mwembamba.

Nakuomba jambo moja. Mehrab aje huku. Kituo cha hali ya hewa Quetta kipo, aombe uhamisho, na wakati anangoja akae kwetu. Chumba kipo. Asiwe mgeni, awe mwana. Nakuomba kama mtu uliyembeba mgongoni kumvusha mfereji. Usimwonyeshe Haji barua hii.

Hurmat


Jacobabad, 9 Agosti 2017

Hurmat,

Dereva alimkuta Haji mlangoni akampa yeye. Kwa hiyo barua imesomwa, tena kwa sauti, na wewe ndiye uliyeandika.

Mwanangu akakae ukweni! Mehrab! Mkubwa wa kituo, aamkie meza ya mama mkwe akisubiri aulizwe kama ameshiba! Unajua wanavyomwita mwanamume kama huyo hapa? Paka wa jikoni. Watoto watamfuata barabarani wakimlilia nyau. Mimi nilimlea kwa sindano tangu baba yake afe, nikapofuka jicho moja kwa kushona, ili mdogo wangu aje kuniambia mji wetu haufai watu? Wewe ulikulia wapi? Mama yetu alizaa saba hapa. Nani alimwekea rula?

Na uongo wa kikohozi! Mimi nilikuwa nimefunga siku mbili zaidi kwa ajili ya kifua cha Mahjabin.

Haji kasema mbele ya wanaume wote wa ukoo. Deni la binti hulipwa kwa binti. Mahjabin asipokuja, Sabhagi atarudishwa huku. Nimekwambia nisikufiche.

Nina hasira nawe, wala sijui kama nitaimaliza.

Bakhtawar

Sabhagi asijue kwanza.


Quetta, 12 Septemba 2017

Dada,

Salaam. Sabhagi ameshajua, Haji alimpigia Rustam simu. Na ile simu yake, unajua ilivyo, nyumba nzima ilisikia.

Halii. Anakunja nguo za mtoto, anazikunjua.

Sikujibu matusi, yalinistahili. Lakini mwanao ametuandikia, na sidhani kama alikwambia. Barua ni ya mistari michache. Anasema, "Mama mdogo, msimlete. Mimi ndiye ninayeandika nambari hizi kila siku na kila usiku. Semeni mimi ndiye niliyekataa."

Muulize. Mimi siwezi zaidi ya hapo.

Hurmat


Jacobabad, 22 Oktoba 2017

Mdogo wangu,

Salaam kwako na kwa nyumba yako. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika lisilo la aibu. Ndimu zimezaa. Joto limelegea kidogo, sasa asubuhi mtu anavuta pumzi bila kuikumbuka.

Nilimuuliza. Nilimfuata mpaka kituoni, mimi niliyekuwa sijawahi kukanyaga, nikamkuta mbele ya kisanduku chake cheupe. Nikamwambia, "Unamkataa Mahjabin? Ana kasoro gani? Jicho? Mguu?"

"Hana kasoro, mama."

"Sasa?"

"Nimempenda tangu ana meno mawili yaliyotoka mbele. Ndiyo maana."

"Hiyo si sababu, Mehrab, hicho ni kitendawili. Mimi mtu wa darasa la tano, nipe ya darasa la tano."

Akanipeleka ndani, akafungua vitabu vya zamani. Akaniwekea kidole changu kwenye siku niliyomzaa yeye, mwezi wa sita. Tukatafuta siku hiyo hiyo ya mwaka huu. Halafu akaniambia niache mchana, nitazame usiku, kwa sababu mchana mtu hujificha, ni usiku mwili unapotua mzigo. Zamani usiku joto lilikuwa linashuka. Sasa halishuki. Akanionyesha wiki ile ya mkaza mwana wa Jalal. Usiku saba joto halikushuka, na pembeni, kwa penseli ndogo, kaandika jina lake. Yapo majina mengine, Hurmat. Nilidhani wale wazee walikufa kwa uzee.

Nikamwambia, "Na mimi nilimpelekea Master ile karatasi. Niliiona inapanda nikafurahi."

Akasema, "Najua, mama. Niliitafuta mezani."

Wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Uhamisho aliomba, mara mbili. Wakubwa wake wamejibu kwamba kituo chenye joto kama hiki hakiwezi kukaa bila mtu, na mtu mwingine hakubali kuja. Ndiyo cheo hicho. Ndiyo ile barua yenye mhuri niliyoizungusha kwa majirani.

Basi nikaenda kwa Haji, nikavua ushungi nikauweka miguuni pake, jambo ambalo mwanamke halifanyi mara mbili maishani. Nikamwambia yaishe, kila binti akae alipo. Hakunifokea. Alinipandisha ushungi kichwani mwenyewe. Akasema, "Shemeji, mabinti wangu watatu wako kwa watu kwa ndoa hizi hizi. Nikiachia huu uzi mmoja, kesho wakwe zao watasema kumbe ahadi ya Lal Bux hutegemea hewa. Watarudishwa wote." Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Wanaume watakuja Quetta Sabhagi akishajifungua na kutoka kwenye arobaini. Mtoto, kama ilivyo kawaida, atabaki kwa baba yake.

Sikuombi umlete Mahjabin. Soma hapo tena. Sikuombi.

Dada yako,
Bakhtawar


Quetta, 6 Desemba 2017

Dada yangu,

Sabhagi amejifungua salama, Jumatano iliyopita, alfajiri. Mtoto wa kiume. Ana masikio ya marehemu shemeji, yale ya kusikiliza mpaka yasiyomhusu. Theluji ilikuwa imefunga mlango, Rustam alitokea dirishani kwenda kumleta mkunga.

Siku ya tatu Mahjabin alikuwa amempakata ili Sabhagi aoge. Mtoto akalia njaa, akawa anatafuta ziwa kwenye shingo ya Mahjabin, anagonga gonga kwa kinywa kama kuku. Sabhagi akatoka mbio na povu kichwani. Akamchukua, akakaa chini sakafuni papo hapo akamnyonyesha, maji yanamchuruzika, anatetemeka kwa baridi hataki shuka. Sote tulikuwa tunahesabu siku za arobaini.

Mahjabin akasema, "Nitakwenda mimi."

Master akamwambia, "Umeiona karatasi."

"Nimeiona, baba. Kabla yako. Siku ile ilipofika niliifungua mimi."

"Basi unajua."

"Najua. Na huyu anajua nini?" Akamwonyesha mtoto kwa kidevu.

Master alitoka nje bila koti. Alikaa kwenye theluji mpaka Rustam akamrudisha.

Dada, mimi ni mama yake, nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilikuwa nimeketi pale pale. Nikatazama mikono yangu.

Mwambie Haji asitume wanaume. Panga siku.

Hurmat


Jacobabad, 17 Desemba 2017

Mdogo wangu Hurmat,

Salaam alekum, na hongera ya mjukuu wetu. Nimesoma habari za masikio yake, nikacheka peke yangu jikoni, halafu sikucheka tena.

Nimemsomea Mehrab barua yako. Aliniomba nirudie pale Mahjabin aliposema. Nikarudia. Akavaa viatu akaenda kituoni, na haikuwa saa yake ya kusoma.

Aliporudi alianza kazi. Kapaka paa lote chokaa nyeupe, mara mbili. Kaziba dirisha la magharibi kwa matofali. Kachimba shimo la mtungi chini ya kitanda chao, maji yakae baridi karibu na kichwa cha Mahjabin. Amemwambia Haji, mbele ya watu, kwamba mkewe hatapika mchana kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa, na mwenye neno aje apike yeye. Hujawahi kuona kijana kama huyu, hata ukitafuta mpaka Karachi! Nami nimemwambia nitapika mimi. Mimi nimeshakula chumvi yangu.

Nilimuuliza, "Hayo yote yatasaidia?"

Akaniambia, "Miaka kadhaa, mama."

"Kadhaa ni mingapi?"

Akaendelea kukoroga chokaa.

Sitakudanganya tena kwamba mtu huzoea. Nitamwagia maji kitanda chake kabla ya changu. Nitalala mlangoni kwao ili nisikie kama kuna kimya. Hayo ndiyo ninayoweza kuahidi, na ni ya mama mkwe mmoja mwenye jicho moja. Ukitaka kunilaani, nilaani mimi, mwache kijana.

Tumechagua mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza mji wetu ni mzuri, jua ni la kuota tu, haradali imechanua njano mpaka kwenye mfereji, na wageni hutuuliza mbona mnalalamika. Na awe na wiki hizo. Njooni na nguo nyepesi, huku hakuna theluji. Mlete Sabhagi na mtoto, Haji ameapa mbele ya msahafu kwamba watarudi nanyi. Mlete Master, hata kama hatanisemesha. Rustam aje na ndugu zake wote, jirani zenu waje, dereva wa basi la Sibi naye nimemwalika. Nataka uwanja ujae, nataka Mahjabin akiinua macho asione mahali patupu.

Hina ni Jumatano usiku. Ndoa ni Alhamisi, tarehe kumi na moja Januari, baada ya sala ya alasiri. Tunawangoja wote.

Dada yako,
Bakhtawar